Jani Kwenye Sanduku la Tarumbeta

Poland ambayo Kendi na Pamela walikuwa wameipania tangu Krismasi ilikuwa Poland yenyewe, ile ya ng'ambo, yenye mji uitwao Kraków na mitaa ya mawe na migahawa ya bei nafuu inayosifiwa na vijana wa mtandaoni. Kendi alikuwa ametazama video hizo hadi akaanza kuzijua baa kwa majina. Kisha siku moja wakatazama bei ya tiketi za ndege za mwezi wa Juni, wakatazamana, wakacheka kicheko cha watu wazima wanaolipa kodi ya nyumba Anoka, Marekani, huku wakisomesha wadogo zao nyumbani.

"Sawa," Kendi alisema siku ile, sare ya kazi ingali mwilini. "Kama hatuwezi fika Poland, kuna Poland ilikuja hadi hapa. Nordeast. Wapolandi walijaa huko kitambo, wakati babu zao walikuwa wanakuja kufanya kazi kwa viwanda vya unga. Café ziko, pierogi, hizo sambusa zao za kuchemsha, ziko, dance iko. Tuna-book room ya bei ya chini tulale huko kama watalii."

"Kendi, ni mwendo wa nusu saa kutoka hapa."

"So? Utalii ni roho, mama, si mileage."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Pamela akajikuta Jumamosi ya Juni amekaa dirishani katika mgahawa mdogo wa kaskazini mashariki mwa Minneapolis, mbele yake kikombe cha kahawa na kipande cha keki yenye mbegu nyeusi ambayo jina lake lilimshinda kutamka. Usiku wa jana walilala kwenye chumba cha darini juu ya duka la fundi viatu, dari ikiwa imeinama kiasi kwamba Kendi aligonga kichwa kila alipoamka kunywa maji. Asubuhi kengele ya kanisa iliwaamsha, wakatembea polepole chini ya miti, wakisoma majina kwenye maduka na kuingia kila mlango uliotoa harufu ya mkate. Hapakuwa na mgonjwa wa kugeuza wala zamu ya kukimbilia. Pamela alihisi kana kwamba yuko mbali sana, na jambo hilo lilimfurahisha na kumtisha kwa pamoja.

"Hebu onja hii," Kendi alimsogezea andazi la duara lenye jamu ndani. "Mpolandi amechukua mandazi yetu akaijaza jam. Nimemsamehe."

Pamela akauma, akatabasamu, halafu macho yake yakatoroka tena kupitia kioo cha dirisha, yakamfuata mwanamume mrefu aliyekuwa akivuka barabara. Siye. Yakarudi.

"Pam."

"Nini?"

"Tulikubaliana nini? Hii weekend hakuna kutafuta sura ya mtu kwa barabara."

"Sijatafuta sura ya mtu."

"Shingo yako imetafuta."

Msomaji mwenye haraka atauliza, huyu binti ana nini? Ana mapenzi, na mapenzi, wahenga walishasema, ni kikohozi. Alimpenda Elihuruma, mhandisi wa Eden Prairie, kijana wa Machame mwenye sauti ya chini na vidole virefu, ambaye alikuwa akimfungulia mlango wa gari kisha akausahau wazi kwa kumtazama. Pamela ni wa Kibosho. Kwa ramani ya mlima Kilimanjaro hao ni majirani wa kupeana moto. Ila Machame ni Walutheri na Kibosho ni Wakatoliki, na kuna wazazi ambao ungewaambia mtoto wao anaolewa mwezini wangeuliza kwanza mwezini kuna dhehebu gani. Anko Bernard wa Inver Grove Heights, ambaye ndiye aliyesimama badala ya baba yake Pamela huku ugenini, alikwisha kutoa hukumu: Mlutheri kwake anakaribishwa chai, posa hapana.

Hilo Pamela angeliweza. Lililomvunja lilitokea juma la Pasaka, ndani ya gari.

Elihuruma alikuwa akimpeleka Eden Prairie kuona nyumba aliyotaka kuipanga kwa ajili yao wawili. Simu ikaita, na kwa kuwa simu ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, sauti ya mama yake kutoka Machame ikajaa mle ndani kama amekaa kiti cha nyuma. Mama hakujua kuwa Pamela anasikia. Alikuwa akizungumza Kichaga, na Kimachame na Kikibosho havifichani. Alisema yule binti wa Kibosho asiletwe kwake. Alisema wasichana wa namna ile humkamata mtu akiwa mpweke ugenini, na kwamba Elihuruma amwache mapema binti huyo akamtafute Mkatoliki mwenzake. Pamela alikaa mkanda umemkaa kifuani, akamtazama mpenzi wake ubavuni, akangoja. Neno moja tu lingetosha. Mama, yuko hapa.

Elihuruma alishika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, mama. Nimesikia."

Kwenye taa nyekundu Pamela alifungua mlango akashuka. Eden Prairie hakuna atembeaye kwa miguu. Alitembea kando ya maegesho makubwa ya ofisi, magari yakimpita na watu wakimshangaa, mpaka Kendi alipokuja kumchukua. Tangu siku hiyo ujumbe wa Elihuruma aliufuta bila kuusoma. Mwanamume aliyenyamaza mama yake akimtukana mpenziwe, alijiambia, ataandika nini cha maana kwenye simu?

Alijiambia hivyo kila siku. Usiku moyo ulimjibu vingine.

"Maliza keki," Kendi alisema, akiutazama uso wake kwa upole. "Jioni nakupeleka dance. Na usiniulize ni dance gani."

*

Ilikuwa ni polka. Ukumbi wenyewe ulikuwa jengo la matofali mekundu, klabu ya zamani ya Wapolandi, na muziki ulianza jua lingali juu, maana wachezaji wengi ni wazee na hawapendi kuendesha gari gizani. Mwanga wa jioni ya Juni uliingia kupitia madirisha marefu, ukalala juu ya sakafu ya mbao na juu ya mvi za watu. Mabibi waliovaa viatu vya chini walizunguka mikononi mwa mababu waliovaa mikanda ya suruali ya begani. Kulikuwa na vijana pia, wenye michoro ya mwili na bia mkononi, waliokuja kucheka kisha wakanogewa. Pamela alisimama mlangoni akajisikia anaingia ndotoni mwa mtu mwingine.

Kabla hajamwona mtu, alisikia tarumbeta.

Lilipanda juu ya akodiani, likacheka kidogo, kisha katika noti ya mwisho likakawia. Lilikawia nusu pumzi zaidi ya inavyotakiwa. Pamela alimjua mtu mmoja tu duniani apulizaye namna hiyo, mtu aliyefunzwa na bendi ya usharika wa Machame kupuliza tenzi makaburini asubuhi ya Pasaka, mahali ambapo noti haikatwi haraka kwa heshima ya waliolala.

Aliinua macho. Elihuruma alikuwa jukwaani, shati jeupe, kizibao chekundu cha nakshi juu yake, mashavu yamejaa hewa. Alikuwa amepungua. Macho yake yalikuwa yakitembea mlangoni, na yalipomkuta yakasimama. Tarumbeta likakosa noti, likakosa na ya pili. Mzee wa akodiani akamgeukia na kumkazia jicho, na Elihuruma akarudi kwenye wimbo akiwa anaupuliza kwa ajili ya mtu mmoja katika ukumbi mzima. Pamela aliegemea ukuta, akajichukia kwa furaha aliyokuwa nayo.

"Kendi."

"Eh?"

"Wewe ndiye umefanya hivi."

"Mimi? Ni Mungu."

"Mungu gani anayefungua Facebook kutafuta matangazo ya polka?"

Kendi akajikuna shingo. "Okay. Alikuja Anoka juzi ukiwa shift. Sikumfungulia, naapa. Tuliongea kwa mlango kama watu wa parcel. Akasema anapigia hawa wazee tarumbeta kila Saturday. Mimi nikasema, kama ni lazima, hiyo Saturday tutakuwa Nordeast. Basi. Ukitaka twende, twende sasa hivi, room iko, na kuna pierogi zilibaki."

Pamela alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje barabara ilikuwa tulivu na ya dhahabu.

"Tukae kidogo," alisema. "Tumeshalipa kiingilio."

Kendi alikuwa na busara ya kutocheka. Babu mmoja mfupi alikuja akainama mbele yake kwa adabu za zamani, akamchukua, na muda si muda Kendi, Mmeru wa watu wa Kenya, alikuwa akirukaruka polka kama aliyezaliwa nayo, akipiga kelele kila kona. Pamela alibaki ameketi kwenye meza ya pembeni. Wimbo ukaisha, ukaja wa taratibu, watu wakakumbatiana, na tarumbeta likazungumza peke yake kwa sauti ya chini. Hakumtazama mpigaji. Alitazama mikono yake mwenyewe mezani, na kila noti ilimfikia pale pale alipoketi. Angeweza kukaa hivyo mpaka uzee wake, bila kuamua lolote.

Kisha muziki ukanyamaza. Ilikuwa mapumziko.

Elihuruma alishuka na sanduku la tarumbeta mkononi. Alipita katikati ya wazee waliokuwa wakimpigapiga mgongoni na kumwita kwa jina ambalo walilifupisha kwa namna yao. Alisimama mbele ya meza yake.

"Hujambo, Pamela."

"Sijambo. Kumbe na wewe umekuwa Mpolandi."

"Jumamosi tu." Midomo yake ilijaribu kutabasamu, ikaacha. "Naweza kukaa?"

"Kiti si changu."

Akakaa. Pamela alikiona kidole cha kati cha Elihuruma, chenye alama ndogo ya kuungua aliyoipata siku alipojaribu kumpikia ndizi, akageuza uso haraka.

"Tangu lini unapiga hapa?"

"Tangu Aprili. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nikaona tangazo wanatafuta tarumbeta, nikaja. Wakaniuliza kama najua polka. Nikawaambia najua tenzi za Kilutheri. Wakasema haidhuru, tofauti ni mwendo tu."

Kicheko kilimponyoka Pamela kabla hajakizuia. Elihuruma alikipokea kwa macho kama mtu mwenye kiu, na Pamela alipoona hivyo akakifunga.

"Umekuja kunichekesha?"

"La. Nina kitu chako. Nimekibeba wiki tatu humu, sikuwa na mahali pa kukufikishia."

Alifungua sanduku. Chini ya kile kitambaa cha kufutia tarumbeta palikuwa na kipande cha khanga kilichokunjwa vizuri. Alikikunjua mezani polepole. Ndani yake lilikuwamo jani refu, jembamba, limekauka na kuwa rangi ya chai, limefungwa fundo katikati.

Pamela aliinuka kitini bila kujua kwamba ameinuka.

Kendi alifika wakati huo huo, jasho linamtiririka, glasi tatu za maji mkononi. "Wee, yule mzee ana umri wa babu yangu na amenimaliza. Hiyo ni nini? Majani ya chai?"

"Ni isale," Pamela alisema taratibu.

"Sale ya nini?"

"Jani. Kwetu Uchagani linapandwa mipakani na penye makaburi. Mtu akikukosea, akaja kwako na jani la isale, ameomba msamaha. Na wewe ukiletewa huwezi kukataa. Hata awe alikuchomea nyumba. Likishagusa mkono wako neno limekwisha, na ukilifufua tena wewe ndiye mkosaji."

Kendi aliweka glasi chini. "Hata kama hutaki?"

"Hata kama hutaki."

"Hiyo ni law kali, bana." Akalitazama jani kwa heshima mpya, akavuta kiti nyuma kidogo.

Pamela hakuligusa. "Nani amelileta?"

"Limetumwa na mama," Elihuruma alisema. "Kuna mama mmoja wa usharika wetu wa hapa alikuwa nyumbani likizo. Alilipitisha uwanja wa ndege ndani ya Biblia, anaogopa mpaka leo."

"Mama yako ameniletea mimi isale?"

"Nilimwambia. Nilichelewa, lakini nilimwambia. Nikasema, mama, siku ile uliyopiga simu nikiwa kwenye gari, Pamela alikuwa kiti cha pembeni. Alisikia yote."

"Akasemaje?"

"Nikasikia anavuta kigoda, anakaa." Elihuruma alilikunja pindo la khanga. "Akasema, 'Nimemtukana mtoto wa watu kwa masikio yake? Na wewe ukaniacha niendelee?' Akalia, Pamela. Mama yangu sijapata kumsikia analia tangu msiba wa baba. Kesho yake alikwenda mwenyewe mpakani na kisu."

Ulimi hauna mfupa, na Pamela aliwaza ni wazazi wangapi wameumiza watu kwa ndimi zao na kufa bila kujua. Alimwona yule mama asiyemjua, na kitambaa chake kichwani, akiinama kwenye umande kukata jani kwa ajili ya binti asiyemtaka. Machozi yalimjaa. Alifuta mikono yake kwenye gauni, akanyoosha yote miwili kama alivyofundishwa na bibi yake, akalichukua lile jani kavu na kulikaza kifuani.

"Mwambie mama nimelipokea," alisema. "Kwangu limekwisha. Sina neno naye, na Mungu ambariki."

Elihuruma alitoa pumzi ndefu, pumzi ya miezi yote ile. Mabega yakamshuka. Mkono wake ukapita juu ya meza kuutafuta wa Pamela.

Pamela akauondoa wake.

"La mama nimelipokea," alisema. "La kwako liko wapi?"

"La kwangu?"

"Ndiyo."

"Pamela, si ndiyo hilo… nilidhani…"

"Hili ni la mama. Mama alisema neno baya, amekiri, ameomba radhi kwa mkono wake. Wewe hukusema neno. Hilo ndilo kosa lako, Eli, na si lake. Sasa umekuja na jani la mama yako unataka nikusamehe kwalo." Sauti yake ilitetemeka lakini hakuiacha ianguke. "Hata kuomba msamaha, mama akufanyie?"

Kendi alisema "Ai" kwa sauti ndogo sana, akatazama maji yake.

Elihuruma alilitazama jani lililokuwa kifuani mwa Pamela. Pamela alingoja ajitetee, alijiandaa kwa hilo, alikuwa na majibu yake tayari tangu Pasaka.

"Una haki," Elihuruma alisema. Akaamka akaondoka.

Pamela alimwona mgongo wake ukienda upande wa jukwaa na kitu ndani yake kikadondoka. Basi ndivyo alivyo. Akibanwa, anaondoka. Alijutia ukali wake, kisha akajutia kuujutia. Kendi aliushika mkono wake chini ya meza.

Lakini Elihuruma hakwenda jukwaani. Alikata kona, akaelekea kaunta, aliposimama Bi Halina, mjane mwenye klabu, akikata ndimu. Nyuma ya kaunta, kwenye dirisha la mwisho, palikuwa na chungu kikubwa chenye isale, mmea mrefu wa majani yaliyoinama, kama ile inayowekwa kwenye kona za ofisi Marekani nzima, na wenyewe hawajui wanamwagilia maji kitu gani.

"Bi Halina," Pamela alimsikia akisema, kwa Kiingereza chake cha adabu, "naomba jani moja la mmea wako."

"Mmea huo ni wa marehemu mume wangu. La nini?"

"La kuombea msamaha. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Bibi aliacha kukata ndimu. "Umemfanya nini huyo msichana?"

"Nilinyamaza nilipotakiwa kusema."

Bi Halina alimtazama Elihuruma, akamtazama Pamela kule mezani, akamtazama tena Elihuruma. Akamkabidhi kisu. "Kata mawili," alisema. "Mimi nimeishi na mwanamume."

Elihuruma alipanda juu ya sanduku la soda, akachagua, akakata. Alirudi akipita kati ya meza, na wazee waliokuwa wakinywa bia waligeuka mmoja mmoja kumtazama kijana aliyebeba jani bichi kama mtu anayebeba yai. Alisimama mbele ya Pamela.

"Bibi amekwambia ukate mawili," Pamela alisema.

"Nimekata moja. Sitaki la akiba."

Alianza kulifunga fundo. Vidole vilivyokuwa vikikimbia juu ya tarumbeta vilikuwa vizito sasa, na jani likateleza mara mbili. Pamela hakumsaidia. Alipoona fundo limekaza na mkono wake unaanza kuja, alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Usinipe."

Elihuruma alisimama mkono ukiwa hewani.

"Ukinipa sina uchaguzi tena," Pamela alisema. "Sitaki kukusamehe kwa sababu mila imenibana. Sema kwanza. Mimi nikusikie."

Elihuruma alivuta pumzi kama afanyavyo kabla ya kupuliza.

"Niliogopa," alisema. "Sina sababu nyingine. Nimetafuta nyingine miezi yote hii ili nije nayo, sijaipata. Tangu baba afariki sijawahi kumwambia mama hapana, hata juu ya chakula. Siku ile mdomo ulijibu wenyewe, na nilijua nakuumiza, nikakuacha uumie kwa sababu wewe ulikuwa kimya na yeye alikuwa anapiga kelele. Ulishuka kwenye gari, na mimi taa ikawaka kijani nikaondoka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Niliondoka, Pamela. Naomba unisamehe."

Pamela alihisi chozi limefika kidevuni. "Na sasa?"

"Sasa nimemwambia hapana. Alinuna, akarudi, akanuna tena. Sitakudanganya. Jani lake ni la matusi, si la harusi. Bado anataka Mlutheri."

"Na Anko Bernard bado anataka Mkatoliki."

"Najua. Nitakwenda kwake Inver Grove Heights, anipe hiyo chai yake, na nikimaliza kikombe nitamwambia nilichojia."

"Atakufukuza."

"Nitarudi wiki inayofuata."

"Kwa hiyo unanikaribisha wapi, Eli? Kwenu hapana, kwetu hapana."

Alifikiri. Hakuharakisha. "Kwa sasa nina gari tu," alisema. "Kiti cha mbele. Ila yeyote atakayepiga simu, kabla hajasema hata salamu, nitamwambia, Pamela yuko hapa."

Jukwaani mzee wa akodiani alikuwa amekwisha kukaa. Aligonga kisigino sakafuni, ngoma ikaitika, na wimbo ukaanza bila tarumbeta. Ulikuwa na nafasi wazi katikati yake, na kila ilipofika nafasi hiyo wazee waligeuza shingo kumtafuta mpigaji wao. Wakaita jina lake, mara moja, mara ya pili kwa nguvu zaidi.

"Wanakuita," Pamela alisema.

"Waache waite."

Hakugeuka. Alisimama pale pale, mbele ya ukumbi mzima uliokuwa ukimtaka mahali pengine, jasho kwenye paji la uso, jani bichi likilala kwenye kiganja chake kilichofunguka, na hakulisogeza mbele hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa Pamela na hayakuomba haraka.

Pamela hakungoja apewe. Alitoa mikono nyuma ya mgongo, yote miwili, akalichukua.